Kirikuu Nne, Mlima Mmoja: Ipi Ningenunua Tena

Karibu kila wiki kuna mtu ananisimamisha pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, ananionyesha picha kwenye simu na kuniuliza, "Mama, hii kirikuu vipi, niichukue?" Picha yenyewe huwa ya mbele: rangi nyeupe, taa safi, kioo kinang'aa. Mimi humrudishia swali. Unabeba nini, na unapita wapi? Wengi wananyamaza, kwa sababu walikuwa wameshaanza kufikiria rangi na bei, na swali hilo hawakujiuliza.

Nimemiliki kirikuu tatu, hivi vilori vidogo vya Kijapani, na ya nne, ya shemeji yangu, niliiendesha masika nzima. Ninachoandika hapa nimekilipia kwa pesa yangu na kwa mboga zangu zilizooza. Kama unataka kununua kirikuu ya kazi, si ya kuendea sokoni Jumamosi, soma mpaka mwisho kabla hujatuma hela Japani au kumlipa dalali.

Mimi nabeba mboga. Tangu 2017 nashusha kabichi, karoti, njegere na viazi kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini. Anayeijua njia hiyo anajua: unaiacha lami ya barabara ya Iringa pale Sangasanga, karibu na Mzumbe, kisha unaanza kupandisha Uluguru kuelekea Langali na Nyandira. Kona moja inamalizika nyingine ishaanza. Kiangazi ni vumbi na mawe, masika ni utelezi, na upande mmoja wa barabara ni bonde ambalo sipendi kulitazama nikiwa na mzigo.

Jambo lililonichukua miaka kulielewa ni hili: mzigo wangu unashuka, gari linapanda tupu. Kila ninachosema hapa chini kuhusu magari haya kinatoka hapo. Mtu wa Kilombero anayebeba mpunga kwenye tambarare, au wa Dodoma anayesambaza maji ya chupa mjini, atafika kwenye jibu tofauti na langu, na atakuwa sahihi.

Tuelewane kwanza kirikuu ni kitu gani, maana hasara nyingi zinaanzia kwenye kutokuelewa. Wajapani wana daraja la magari madogo linaloitwa kei, na lori la daraja hilo wenyewe huliita keitora. Sheria yao imeliwekea mipaka. Injini isizidi cc 660, kiwango kilichoanza 1990. Urefu usizidi mita 3.40 na upana mita 1.48, vipimo vilivyoongezwa mwaka 1998. Zilizotengenezwa kabla ya hapo ni nyembamba zaidi, mita 1.40, na mkikaa wawili ndani mabega yanagusana safari nzima. Na mzigo ni kilo 350.

Kilo 350. Mifuko saba ya mbolea ya kilo 50, basi, umemaliza. Mwenye kirikuu mmoja akikuambia yake inabeba tani, anasema kweli kwamba imeshabeba, lakini hajakuambia ilibeba mara ngapi kabla springi hazijalala na beringi za nyuma hazijaanza kulia. Chukua gunia la kabichi lililofungwa lumbesa, lenye kilemba juu ya mdomo wa gunia. Wakala wa Vipimo wanalikataza gunia hilo kila mwaka na kila mwaka lipo sokoni. Nilipoazima mizani kwa mara ya kwanza nikapima magunia yangu mwenyewe, matatu tu yalikuwa yameshapita kilo 350. Na mimi nilikuwa napakia sita.

Kirikuu yangu ya kwanza ilikuwa Suzuki Carry ya 2008, toleo ambalo mafundi wanaliita kwa namba zake, DA63T, ya magurudumu mawili ya kusukuma, gia za mkono. Niliinunua mjini kwa mtu aliyekuwa anaitumia kusambaza soda. Kwa mjini hakuna gari lililowahi kunifurahisha namna ile. Bodi yake ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4, kuta zinafunguka pande tatu, na sakafu yake iko kimo cha paja, kwa hiyo mwanamke mmoja na kijana mmoja mnapakia wenyewe bila kumlipa mtu. Inageuka kwenye kichochoro ambacho pikapu ingerudi kinyumenyume. Petroli nilikuwa napata kilomita 13 au 14 kwa lita moja nikienda taratibu.

Injini yake, inayoitwa K6A, ina pistoni tatu na imelala chini ya viti. Unanyanyua kiti, unaiona. Fundi wangu wa Msamvu anabadilisha plagi wakati mimi nakunywa chai, na mzigo ukiwa palepale kwenye bodi haujaguswa. Taimingi yake, ile inayopanga mwendo wa vali na pistoni, ni ya mnyororo, si ya mkanda. Ile injini iliyoitangulia, F6A, ambayo bado utaikuta kwenye Carry za miaka ya tisini, ni ya mkanda, na mkanda una umri wake wa kubadilishwa. Ukinunua ya zamani, uliza ulibadilishwa lini, na kama muuzaji hajui, ubadilishe wewe siku hiyohiyo.

Ila mlimani, masika ya 2018, gari lile lilinionyesha kwamba nilikosea kuchagua. Uzito wa injini na wa dereva uko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na bodi ni tupu kwa sababu nakwenda kufuata mzigo. Tope likiwa limelowa, magurudumu ya nyuma yanazunguka tu kama feni. Nilianza kupakia mawe manne makubwa kwenye bodi kila nikipanda, ili nyuma pawe na uzito, na nikifika Nyandira nayashusha. Ilisaidia. Lakini asubuhi mbili za Aprili hata mawe hayakutosha, nikalala kijijini, na wateja wangu wa mjini wakanunua kwa mwingine. Klachi pia niliiunguza mwaka ule, kwa kulazimisha. Fundi aliponifungulia, akanionyesha pleti iliyokuwa nyeusi kama mkaa.

"Mama, gari hili umelibebesha kazi ya Fuso," akaniambia.

"Ndiyo kazi iliyopo, baba," nikamjibu.

"Basi tafuta la 4WD, linalosukuma kwa magurudumu yote manne. Na magunia upunguze."

Ushauri wote ulikuwa mzuri. Nilifuata nusu.

Mwaka 2020 nikauza ile nikatafuta ya 4WD, na hapa ndipo nilipoingia kwenye aina ya pili ya kirikuu, zile ambazo injini yake iko nyuma. Honda Acty injini yake imekaa chini ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Subaru Sambar, zile ambazo Subaru alizitengeneza mwenyewe mpaka 2012, injini yake iko nyuma kabisa, ina silinda nne badala ya tatu, na miguu yake yote minne ina springi za mviringo, ndiyo maana ukipanda Sambar unahisi umekaa kwenye gari la kutembelea. Kwa mtu anayepanda mlima na bodi tupu, wazo hili ni zuri sana: uzito wa injini unakandamiza magurudumu yanayosukuma. Hata bila 4WD zinapanda mahali ambapo Carry yangu ya kwanza ilikuwa inacheza. Kabini nayo haina joto chini ya makalio, na hakuna mngurumo masikioni. Niliipenda mno ile ya kwangu.

Sitaitaja jina, kwa sababu kilichoniumiza ni kutu, na kutu ile niliuziwa na yadi ikijua. Gari lilikuwa limepakwa rangi nyeusi nzito chini, bado mbichi, inanukia. Nikadhani ni utunzaji. Kumbe walikuwa wamefunika chuma kilicholiwa. Magari mengi ya aina hii yalifanya kazi kwa wakulima wa Japani, na sehemu kama Hokkaido, Aomori na Niigata barabara humwagiwa chumvi kipindi cha theluji ili barafu isishike. Chumvi hiyo inakaa kwenye chasisi na kwenye mabomba. Sasa gari lenye injini nyuma na rejeta mbele lina mabomba marefu ya maji yanayopita chini, kutoka kichwani mpaka kwenye bodi. Ukiwa na kutu, bomba ndilo la kwanza kutoboka.

Langu lilitoboka nikiwa nashuka, juu ya Langali, saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha. Mshale wa joto ukapanda. Nikazima mapema, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kuifikia injini ilibidi kufungua mfuniko ulio kwenye sakafu ya bodi, na juu ya mfuniko kulikuwa na magunia matano ya kabichi na maturubai. Tulishusha yote kwenye tope, mimi na vijana wawili wa pale waliotoka nyumbani kwao bila kuitwa. Bomba lilifungwa kwa mpira wa tyubu mpaka asubuhi. Hata baada ya kupata bomba jipya, fundi alihangaika siku mbili kutoa hewa kwenye mfumo wa maji, maana njia ni ndefu na hewa inajificha. Niliambiwa baadaye kwamba ukiwa na gari la namna hiyo unabadilisha mabomba yote siku unayolinunua, unaweka ya mpira mzito au ya chuma kisichoshika kutu, na unasahau. Nawaambia na nyinyi. Kama unabeba mizigo myepesi, mayai, mikate, maua, na njia yako haikupeleki mbali na fundi anayelijua, Acty au Sambar nzima itakupa raha ambayo Carry haitakupa kamwe. Kwa magunia mlimani, mfuniko ulio chini ya mzigo umenishinda.

Masika ya 2021, wakati nimeliegesha lile, shemeji yangu aliniazima Daihatsu Hijet yake ya 4WD. Kwa Daihatsu namba zinakusaidia: S200P ni ya magurudumu mawili, S210P ni ya manne, kwa hiyo kwenye karatasi tu unajua. Suzuki wa toleo langu hakusaidii, DA63T inaweza kuwa ya mawili au ya manne, na nimeona watu watatu sasa wakiuziwa ya mawili kwa bei ya 4WD. Usitazame kibandiko cha mlangoni. Kibandiko kinauzwa Kariakoo. Inama chini uone kama kuna shafti inayokwenda mbele na difu ya mbele, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, halafu ingia ndani utafute kitufe au wenzo wake, halafu ujaribu kwenye udongo.

Hijet ile ilinifundisha jambo ambalo hakuna dalali aliyewahi kuniambia, kwamba pale magurudumu ya mbele yalipokaa pana maana kubwa. Kwenye Hijet ile yako chini ya miguu yako, umbali kati ya ekseli ni mfupi, karibu mita 1.9. Inageuka kama toroli. Kwenye vijia vya shambani, pale unapoingia mpaka kwenye tuta na kugeuza mbele ya ghala, sijaona mfano wake. Lakini kwenye mawe inayumba mbele na nyuma, kichwa kinatikiswa, na matao ya magurudumu yanakula nafasi ya miguu, jioni magoti yanauma. Carry ya DA63T ina magurudumu mbele kabisa, karibu na bampa, na umbali wa ekseli ni mita 2.35. Inatulia zaidi kwenye kasi na kwenye makorongo, ila kona ya kubana inataka rivasi. Toleo la Carry lililofuata, DA16T, lililotoka 2013, lilirudisha magurudumu chini ya viti. Kwa hiyo mtu akisema "Carry ni Carry," bado hajaendesha zote mbili.

Kilichonifanya nisiing'ang'anie Hijet ni spea tu. Injini yake ni imara, nyuma ina springi za majani kama Carry, inavumilia. Lakini nilipohitaji kikombe cha breki hapa Morogoro, nilizunguka maduka manne kisha nikaagiza Gerezani, Dar, ikaja na basi siku ya pili. Spea za Suzuki nazikuta mpaka kwenye duka la vyuma Mzumbe. Kwa mwenye biashara ya kitu kinachooza, siku moja ya kusubiri spea ni gunia zima.

Sasa ninayo ya nne kwenye hesabu hii, Carry DA63T ya 2012, 4WD, gia tano za mkono, ina gia nzito ya chini, niliyoagiza mwenyewe 2022. Hii ndiyo ningenunua tena. Ninapanda tupu bila mawe kwenye bodi. Ninaweka 4WD kabla ya tope, si ndani ya tope, na lami nikiifikia naitoa, kwa sababu ukiiacha kwenye lami kavu difu na shafti zinashindana na unazimaliza. Wakati wa kushuka na mzigo, gia hiyo nzito ndiyo inayonishikia gari. Naomba hili lieleweke, maana ni uhai. Kushuka mlima na mzigo kwa kukanyaga breki mfululizo ni kuzichemsha, na breki iliyochemka inafika chini bila kushika. Unashuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Ndiyo sababu kwa njia ya mlima simshauri mtu yeyote kirikuu ya otomatiki. Zile za Carry ya rika hili zina gia tatu tu, na hazikushikilii vya kutosha ukishuka. Mjini, kwa kijana anayepeleka mitungi ya gesi na kusimama kila mita mia, otomatiki ni sawa kabisa na inalinda klachi.

Kuna jambo jingine la kutafuta ukiagiza. Watengenezaji hawa walikuwa na matoleo maalumu ya wakulima, yenye springi za nyuma zilizoongezwa, gia nzito, na kufuli ya difu. Acty walikuwa na moja inayoitwa Attack, yenye gia ya mwendo wa konokono ya kwenda mbele na nyingine ya rivasi. Hijet nayo ilikuwa na ya kilimo. Picha ya nje haikuonyeshi tofauti. Inabidi uulize, na uombe picha ya wenzo wa gia na ya springi za nyuma uhesabu majani.

Na uombe karatasi ya mnada. Hii ndiyo iliyoniokoa mara ya mwisho. Gari likipita mnadani Japani, mkaguzi huandika hali yake kwenye karatasi yenye mchoro wa gari. Herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, hizo usizihangaikie, hili ni gari la kazi. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Ukiona C karibu na chasisi au chini ya bodi, achana nalo hata likiwa na kilomita elfu thelathini. Daraja R maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kilomita chache zisikulevye. Kirikuu iliyotembea laki moja na ishirini kwenye mkoa usio na theluji ni bora kuliko ya elfu arobaini iliyolala kwenye chumvi.

Gharama sitaificha. Hii ya sasa ilinifikisha milioni 12 na laki 3 mpaka inapata namba. Kabla ya kuagiza niliingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, nikaingiza aina, toleo na mwaka, nikaona kodi yote itakavyokuwa. Fanya hivyo kwa miaka mitatu tofauti ya gari lilelile, kwa sababu gari likivuka umri fulani linaongezewa ushuru wa uchakavu, na wakati mwingine lililo jipya zaidi kwa miaka miwili linakuja kwa bei ileile mwishoni. Jirani zetu wa Kenya hawana uchaguzi huo, kwao lililozidi miaka 8 haliingii. Na kama unabebea watu mizigo kwa malipo, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Matairi usibadilishe kienyeji. Saizi yake ni 145R12, na unataka yale ya mzigo, yameandikwa 6PR au yana alama ya lori jepesi. Nimeona watu wakiweka ya gari dogo kwa kuwa ni bei rahisi, yanapasuka ubavu wiki ya pili. Wengine wanaweka makubwa ili gari liinuke. Linainuka, ndiyo, na injini ya cc 660 inakosa nguvu ya kuyazungusha.

Dar nimekwenda na kirikuu mara mbili tu, kupeleka karoti Mabibo. Kilomita karibu 190. Kwenye 80 kwa saa injini inapiga kelele, basi likikupita kati ya Mikese na Chalinze upepo wake unakusukuma pembeni, na kati ya magoti yako na bampa hakuna kitu cha maana cha kukukinga. Sirudii. Mwenye safari hiyo kila wiki, au mwenye mzigo wa kilo 700 kila siku, kirikuu si yake, ajikaze anunue Toyota Townace ya lori. Itamnywea mafuta zaidi na kumgharimu zaidi kununua, lakini itabeba kihalali kile ambacho kirikuu inabeba kwa kuumia. Na kama bidhaa yako inaogopa vumbi au mvua, mikate, nguo, vifaa vya shule, achana na ya bodi wazi, tafuta Suzuki Every, ambayo ni ndugu ya Carry mwenye paa na ina spea zilezile nyingi.

Magunia nayo niliyapunguza. Sasa napakia manne yasiyo na kilemba, niliyoyapima, na nafanya safari mbili siku za soko kubwa. Majirani zangu wa barabarani wanasema napoteza safari. Mimi nina mwaka wa tatu sijabadilisha springi wala beringi za nyuma, klachi ni ileile iliyokuja nayo, na daftari langu linaonyesha kwamba mwaka 2018, nilipokuwa nabeba sita, faida ilikuwa ndogo kuliko sasa.

Binti yangu mkubwa anataka ya kwake, kwa ajili ya kusambaza maziwa ya mbuzi kutoka huko huko Mgeta. Tumekubaliana Hijet S210P, kwa sababu yeye anaingia kwenye vijia vya nyumba kwa nyumba na mzigo wake ni madumu machache. Spea tutaweka akiba ndani. Juzi wakala alituletea picha za moja, nyeupe, safi, kilomita elfu hamsini na mbili. Nikamwomba za chini. Zimekuja jana usiku, picha kumi na moja. Kwenye ya saba, pale mkono wa springi ya kushoto unaposhika chasisi, chuma kimevimba na kuchambuka kama gome la mti. Binti kaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mama, hii hapana." Tunasubiri nyingine.